Midomo

Kiwandani Dundee hatusemi, tunaumba maneno.
Mitambo ya juti inanguruma hadi meno yanacheza,
na sauti, hata upige ukunga,
haivuki upande wa pili wa kitambaa.
Basi mdomo hufunguka, jicho husoma.
Msimamizi hupita katikati ya umbea wetu
kama kiziwi ngomani.

Novemba akaja mgombea wa baraza la mji,
waridi kifuani, akapanda juu ya kasha langoni
akatamka *kura ya akina mama*
kama mtu aulizaye bei ya fungu la viazi.

Fungu!
Mina Duthie amenyonya chama cha wafanyakazi kwa mamake.
Bedelia Rooney hapigi chafya bila kumuuliza padri.
Teenie Gow aliapa kumpa aliye mzuri wa sura,
akalitazama lile waridi, akaghairi.
Na mimi, miaka ishirini na sita,
kumi na miwili nikimeza vumbi,
juzi tu nilikuwa mtoto mbele ya sheria.
Mume wangu, asiye na kazi, achemshaye birika nyumbani,
ndiye aliyekuwa mtu mzima.

Kilichotukutanisha ni maji ya moto.
Pipa la nyumba ya kufulia limepasuka tangu Pasaka,
tunafua kwa maji yanayouma kama koleo.
Swali likaanzia mtambo wa kwanza,
mdomo kwa jicho, jicho kwa mdomo:
*Nani atayachemsha?*
Kabla ya king'ora cha jioni tulikuwa na jina.

Siku yenyewe tulitoka saa ya chakula, mikono imefumana,
thelathini na wanane. Hata tramu ilitupisha.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini penseli ile haikushikwa na vidole vya watu.
Ilifungwa kwa uzi kwenye kibanda cha mbao,
uzi wa juti; huenda niliusokota mwenyewe.
Na kimya.
Miaka kumi na miwili sijasikia kimya kama kile.
Nikasikia pumzi yangu ikiingia, ikitoka.
Hapakuwa na mdomo wa kusoma.
Nikatia alama.

Nje, Bedelia, ng'ambo ya barabara, akauliza bila sauti:
*Umempa?*
Nikafumba mdomo.
Akacheka. Wake pia ulikuwa umefumbwa.

Maji yalirudi Januari, vuguvugu.
Mtambo wa kwanza umeshaanza swali jingine.