Karatasi ya Tano

Alikuja Newala kwa basi la usiku, amekunjwa,
karatasi kumi na mbili ndani ya boksi la sabuni,
kila moja na namba yake mgongoni.
Mimi nilikuwa na ngazi,
ndoo ya gundi ya unga wa muhogo,
na ahadi ya elfu ishirini kutoka kwa Mnalele mwenye duka.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Minada ya korosho imeanza,
na fedha inapokaribia mji
hata kuta hujipaka wanja.

Nilianza chini, kama nilivyoelekezwa.
Namba kumi na mbili: goti.
Namba kumi: paja, refu kuliko kibao cha shule ya msingi.
Namba nane: kitovu, na hapo chini ya ngazi
palishajaa watu. Bodaboda walizima injini.
Mmoja akasema, "Fundi, usiharakishe."
Mwingine: "Hapo kati pamekunjamana, pasa vizuri."
Nami nikapapasa kwa brashi mbele ya soko zima,
jasho likinitoka kana kwamba ni mwili.
Ilikuwa gundi na karatasi.
Ilinuka uji.

Kinachouzwa, mtaniuliza?
Shati.
Shati la kiume, la bluu, mikono mirefu.
Alilivaa yeye, vifungo vitatu kati ya saba,
na wiki nzima ilipita
kabla mtu hajauliza bei ya shati.

Bi Nantende auzaye ming'oko ng'ambo ya barabara,
ambaye tumbo lake mwenyewe lina nembo,
mijusi na mistari iliyochanjwa enzi za usichana wake,
alimtazama mgeni yule kitovuni, akaguna:
"Tupu hivi? Hakuna aliyemwandika?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Langu lilikuwa na msomaji mmoja," akasema,
"naye alisoma kwa vidole, taa imezimwa."
Akaendelea kumenya.

Nami niko juu, nimeishika namba tano.
Bega la kulia.
Kutoka chini ni bega tu, linang'aa kama limepakwa samli.
Lakini pua yangu ilikuwa shibiri moja kutoka pale,
nikaliona: kovu la chanjo,
kijishimo kilichobonyea, ukubwa wa punje ya mtama.
Kama langu. Kama la Somoe wangu, kama la binti yetu.
Waliomsafisha kwenye kompyuta
waliondoa chunusi, mikunjo, pengine na mbavu mbili.
Hilo wakalisahau.

Basi yuko mtu aliyembeba siku ile
kwenye foleni ya kliniki, kadi mkononi,
akamshika asifurukute,
akapuliza penye sindano,
akamwambia imekwisha, mama, imekwisha.

Sikumwambia yeyote. Nikapaka gundi, nyingi kupita kiasi,
nikabandika, nikashuka, nikalipwa.

Desemba nililinunua lile shati.
Somoe alinusa kola, akalikung'uta mlangoni mara mbili
kama anayemtoa mtu.
"Vifungo vyote," akasema. "Mpaka juu."

Mwezi wa sita ukungu ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
mji mzima tukavaa masweta,
naye bado yuko nje na vitatu vyake.
Binti yangu akauliza kama hasikii baridi.
Nikamwambia ni picha.
Akasema, "Ndiyo, lakini hasikii baridi?"

Akaanza kubanduka. Mdomo kwanza.
Paja likapeperuka hadi mashine ya kusaga,
likakaa juu ya pumba siku mbili, hakuna aliyeliokota.
Mnalele akaniita: ondoa zote, yamekuja matangazo ya simu.

Nilikwangua kumi na moja.
Ya tano ilikataa.
Nikabandika simu juu yake, yenye kioo kipana, yenye bei,
na wapita njia wanaiona simu.

Ila mvua ikinyesha
na karatasi ikilowa,
simu ile ina bega.