Mtoto wa Cibalonza

Lebo inasema: Mtoto wa Cibalonza, siku sita,
damu, mililita moja, saa nane usiku.
Jina bado. Baba yuko machimboni Kamituga,
jina ni lake kulileta.

Chupa ilipochafuka kama maji ya mchele
nilitandaza tone kwenye kioo, nikakipitisha motoni mara tatu,
upesi, kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole.
Zambarau. Suuza.
Iodini. Suuza.
Alkoholi: hapa ndipo mkono unapoulizwa umefunzwa na nani;
ukizidisha, hata mwenye hatia anatoka mweupe.
Kisha nyekundu, kwa walioachia rangi.

Hawakuachia.
Wamekaa vichala vichala, zambarau iliyokolea.
Vitabu vinasema zabibu. Mimi zabibu sijaziona mtini;
naona njegere zilizomwagika mkekani
zikakumbatiana kwenye kona.

Docta Ntakwinja anapiga simu: Ni nini?
Bado, Docta.
Anakata bila kuaga.

Kesho yake wameota kwenye sahani, manjano ya dhahabu,
si ile anayoichimba baba.
Nikawatonea dawa ya kuoshea vidonda:
povu, papo hapo, kama Primus iliyotikiswa.
Ukabaki mrija wa plazma ya sungura,
unaotaka joto la mwili, saa nne nzima,
na SNEL wakakata umeme.

Nikakaza kizibo, nikautia mrija mfukoni, mfuko kwapani,
nikaketi kama kuku juu ya yai.
Sikukohoa. Sikugeuka.
Sheria za maabara zinakataza;
ziliandikwa mahali penye umeme.
Mvua ikapiga mabati ya Kadutu yote.
Nje ya dirisha, kitenge cha Cibalonza kimelowa kifuani,
si kwa mvua, kwa maziwa.

Nilipouinamisha mrija, haukutiririka.
Umeganda.

Nikaandika kwa tochi ya simu. Majina mawili, ya Kilatini,
la ukoo na lake mwenyewe.
Asubuhi ya tatu: penisilini, wameota hadi mlangoni pake.
Oksasilini, duara tupu, pana kama kifuniko cha chupa.
Docta hakusema asante. Nilisikia viatu vyake vikikimbia.

Cibalonza akagonga kioo.
«Iko na jina?»
Nikajibu: Iko nayo. Mbili.
Akaniangalia sana.
«Nauliza mtoto, mama. Mumeandika nini kwa kitabu?»

Nikamgeuzia daftari.
Nilikuwa nimeacha nafasi.