Yeye

Kitabu kilinifikia bila jalada,
kimefungwa kwa kamba ya katani,
katika sanduku walilosahau mafundi
waliokuja kufunga mashine za mkonge, nami karani wao.
Kwao niliokota Kiitaliano: kwanza matusi,
kisha namba, kisha salamu.
Kusoma nilijifunza kwa hiki.

Livio Santarin. Kazaliwa mji wenye ukungu,
kafa na miaka thelathini na sita.
Ukurasa wa nyuma, mstari mmoja:
*baada ya kuugua kwa muda mrefu.*
Nikacheka peke yangu, hapa Barabara ya Kumi na Tatu.
Sentensi hiyo twaijua.
Tuliisoma kwa sauti msibani kwa Mbaruku,
kaka yangu, mwaka uleule,
aliyekufa kwa kifua, kwa malaria sugu,
kwa jicho la jirani, kwa kila kitu
isipokuwa kilichomuua.
Mtaani walisema amekanyaga miwaya,
kana kwamba alikuwa fundi umeme.
Alikuwa mshona viatu.

Nafasiri usiku, joto likipungua.
Mwanzoni sentensi za Livio ni ndefu,
zinapanda, zinashuka, zinasimama kununua chungwa,
zinasahau zilikokuwa zikienda, zinarudi kuuliza.
Ukurasa wa tisini zimeanza kufupika.
Nilidhani ni mtindo.
Nikazisoma kwa sauti, ndipo nikasikia
mtu anapanda ngazi.
Mkato.
Anashika ukuta.
Mkato.
Mbaruku naye alizungumza hivyo kule Bombo,
neno, pumzi, neno,
akiniagiza nimletee gundi, na sindano, na nta,
amalizie kiatu cha mtu.

Anayempenda, Livio anamwita *lui*.
Lugha yake haina uani:
*lui* ni mwanamume,
na kila akimtaja amemtoa barazani watu wamwone.
Mimi naandika yeye.
Yeye alifungua dirisha. Yeye alifua shuka.
Yeye alilala kwenye kiti cha hospitali siku tisa.
Kiswahili kimemtupia kanga, kimempitisha mlango wa nyuma,
na msomaji atajaza apendavyo.
Sitara hiyo, au woga?
Nimefuta mara nne.
Nimeandika *mwenzangu*, nikafuta.
Nimeandika *rafiki*, nikaona haya kwa niaba ya Livio.

Maana yupo aliyekuja Bombo kila alasiri,
baiskeli ya kijani, tandiko limepasuka.
Mama akiwemo ndani, haingii.
Anasimama chini ya dirisha, anapiga kengele mara mbili,
na Mbaruku anageukia ukuta
ili tusione anavyotabasamu.
Hakuna aliyeniambia ni nani. Sikuuliza.
Baada ya arobaini nilimkuta soko la Ngamiani
amevaa viatu vya mshono ninaoujua,
uzi mweupe, fundo ndani.
Akaniuliza habari za mama.
Nikamjibu nzuri.
Akanunua nyanya, akarudisha moja iliyooza, akaondoka.
Tulikuwa na lugha moja, mimi naye,
na hatukuitumia.

Leo nimeamua.
Ukurasa wa kumi na moja, mara moja tu,
nitaandika *mwanamume aliyempenda*,
wino ukauke, asubuhi nisifute.
Baada ya hapo yeye, na yeye, na yeye,
na hakuna atakayeweza kusema hakumjua.

Imebaki sentensi ya mwisho. Haina nukta.
Aliyechapa kitabu hakuiongezea, nami siiongezi:
*Kesho, dirisha likiwa wazi, yeye*

Nje kengele ya baiskeli imelia.
Tanga hii ina baiskeli nyingi.
Hata hivyo nimeinua kichwa.