Mita Sita za Korido

Nilifika Kuopio na mkoba mmoja na saa ya kupimia mbio,
miaka ishirini na sita, magoti hayajajua kulalamika,
na swali ambalo profesa wangu alilichekea kahawani:
mtu huanza kuzeeka lini?
"Aune," akasema, "chukua panya. Panya hawakawii kufa."

Nikachukua watu.
Nikabandika utepe wa manjano sakafuni,
mita sita, toka mlango wa stoo hadi dirisha linalotazama ziwa.
Nikaandika barua mia nne, nikalamba stempu mia nne,
na Januari, theluji ikiwa imefika kwenye vitasa,
wakaja.
Wakavua viatu vyenye meno ya chuma ya kukamatia barafu,
wakavipanga ukutani kama watoto wa shule.
Dereva wa tingatinga. Mkunga. Mwalimu wa hesabu
aliyeomba kalamu nyekundu asahihishe fomula zangu.
"Tembeeni kama kawaida," nikawaambia.
Hakuna aliyetembea kama kawaida.
Kila aliyeiona saa mkononi mwangu alikaza shingo
akapita kama anayekwenda kuposa.

Namba mia tatu na kumi na saba aliitwa Tyyne.
Kwenye majedwali hana jina.
Alikibana kifaa kwa mkono wa kulia: kilo thelathini na moja.
"Mashuka ya hospitali," akasema, "yakilowa hayana huruma."
Baada ya miaka minane, ishirini na sita.
Baada ya minane tena, kumi na tisa, na akaniomba radhi
kana kwamba alinikopa akashindwa kulipa.

Katikati hapo ndipo kazi ilipokuwa:
maombi ya fedha ishirini na mawili, yakakubaliwa manne;
mjumbe wa kamati aliyeuliza uzee una tija gani;
mkutano wa Lisbon, ambako kijana mwenye meno meupe
aliuza vidonge vya kutozeeka kwa sauti ya mhubiri;
ndoa moja, iliyokwisha bila kelele,
kama taa ya ngazini inayojizima yenyewe;
na mhakiki aliyeandika, "Matokeo haya yanajulikana."
Naam. Ujana ni moshi, nani asiyejua?
Mimi nilitaka kujua moshi huo unakwenda kwa kasi gani.

Mama sikumpima.
Nilimwekea kifaa mezani, kando ya mkate wa rai.
Akakisukuma kwa kidole kimoja.
"Ukitaka kujua nguvu zangu, nipe mkono."
Nilikuwa na treni ya saa kumi na dakika tano.
Nikampa mkono wa mtu aliyekwisha kuvaa koti.
Namba yake sina.
Nina joto tu, na joto halina safu kwenye jedwali.

Leo narudisha funguo. Eetu, mwanafunzi wangu wa mwisho,
ameleta keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa.
Kwenye droo ya chini nimekuta karatasi ya Tyyne,
ile ya mwisho, alipokuwa na miaka mia na mmoja.
Alikuja na kigari cha kuegemea.
Mita ya kwanza, sekunde nane.
Ya pili, kumi na moja.
Kwenye mita ya tano akasimama.
Msaidizi akanitazama; saa ikaendelea kula.
Nje, juu ya ziwa lililoganda, mbwa alikuwa akifukuza kofia ya mtu,
anateleza, anainuka, anateleza tena,
na Tyyne alicheka mpaka kigari kikatikisika.
Msaidizi akaandika: *hakumaliza.*
Nikakata kwa wino, nikaandika: *alisimama kutazama.*

Mhakiki alitaka aondolewe; aliharibu wastani.
Nilimwondoa. Nilikuwa nahitaji makala ile.

Eetu ananiita, kahawa inapoa.
Nakunja karatasi mara mbili, naitia mfukoni,
na hii ni mali ya chuo kikuu, najua.