Gari la Darasa la Saba

Tulikwenda Katumba kubadili bati la jiko la mama,
na huko darini, nyuma ya debe la misumari,
nikalikuta ndani ya gunia la majani ya chai
ambalo bado linanuka kiwanda, miaka thelathini na nane baadaye.
Gari la rimoti. Jekundu. Namba tano ubavuni.
Mama alisema: la meneja yule wa Kizungu,
alimwachia baba yako siku anaondoka.
Akaendelea kuchambua maharage.

Nikalipakata hadi Mwanjelwa, tukiupasua ukungu wa Isyonje.
Subilaga alidhani nimeleta kuku.

Panya walikwishaula waya wa antena.
Betri zilikuwa zimejitapikia humo humo,
zikaacha chumvi ya kijani kwenye ndimi za shaba.
Matairi yamepasuka kama visigino vya wachuma chai.

Mimi ni fundi redio. Mchana natibu amplifaya za makanisa
na simu zilizotumbukia chooni.
Usiku nikishafunga kibanda, nalivua gari:
skrubu kumi na moja, ya kumi na mbili haipo,
kila moja kwenye kifuniko chake cha soda, kwa mpangilio,
maana kufungua ni kazi ya yeyote.

Mota niliiosha kwa petroli na mswaki mkuukuu.
Kaboni zake zimebaki nyembamba, kucha za mtoto.
Shokamzoba nikazinywesha mafuta ya cherehani.
Matairi nikayakata kwenye mpira wa bodaboda
nikayagundisha, nikayafunga kamba usiku kucha.
Gia ilikuwa na pengo, jino moja;
nikachonga gia nzima, kwa tupa, wiki mbili,
kutoka kwenye pembe ya ubao wa plastiki
ambao Subilaga hukatia nyanya.
Hajagundua.

Tuntufye wa jirani alikuja na kopo la rangi ya kupuliza.
Nikamwambia uso haupigwi msasa.
Akacheka, akakaa, akanishikia tochi.

Ni yeye aliyeiona karatasi
chini ya kifuniko cha betri, imekunjwa mara nne.
Mwandiko wa baba, ule wa kuegemea kushoto.
Chumvi imekula mwanzo wa jina langu:
*…osisye apewe akifaulu la saba.*

Mwaka ule majina yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu.
Nilisoma orodha kutoka juu.
Nikaisoma kutoka chini.
Nikasubiri wenzangu waondoke, nikaisoma tena.
Baba hakunipiga, hakuniuliza.
Jumatatu yake alinitembeza hadi Tukuyu, kwa fundi Mwasomola,
akasema, mshikishe risasi huyu,
akageuka bila kunywa chai.

Tuntufye aliuliza imeandikwa nini.
Nikasema, jina la mwenye gari.

Vijana wana uwanja wao Uyole,
sakafu ya ghala la mahindi lililong'oka paa,
kona zimepangwa kwa matairi ya Fuso.
Magari yao ni ya juzi, yanapiga kelele kama nyigu,
yanapaa, yanabiringika, yanaendelea.
Langu huenda mara moja moja, mvua ikikatika,
Jumamosi nikiwa sina spika ya mtu mezani.
Mizunguko mitatu, kisha naigusa mota kwa kidole
kama unavyogusa paji la mgonjwa.
Likiwa la moto, linarudi mfukoni. Wakizomea wazomee.

Lakini mzunguko wa pili, Jumamosi hii,
kwenye ule mnyooko wa upande wa reli,
liliinua pua kidogo, vumbi likabaki nyuma yake,
na nikajikuta nimesimama kwa ncha za vidole,
mzee wa miaka hamsini na moja, antena mbele kama mvuvi,
nikisema kitu. Tuntufye anadai nilisema *ona*.
Hakusikia nilimwambia nani.

Mzunguko wa tatu liligonga tairi la Fuso.
Jino limeng'oka tena, mahali pengine.

Karatasi nimeirudisha chini ya betri,
ndani ya kipande cha nailoni isipate chumvi.
Sijaongeza neno.

Subilaga ameuliza, ubao huu mbona umekuwa mviringo upande mmoja.