Sikio Moja

Kutaisi, ghorofa ya tano; lifti imekufa tangu Machi.
Maikrofoni nimeitundika ndani ya kabati,
kati ya makoti ya baba,
kwa kuwa sufi humeza mwangwi
na sponji za ukutani ni ghali kuliko ada ya chuo.
Programu ni ya majaribio, siku thelathini.
Leo ya ishirini na sita.

Tumeimba watatu, kama waimbavyo watu wa kwetu mezani:
Levani sauti ya juu, mimi ya kati,
besi Gocha, mtoto wa mjomba.
Mmoja mmoja, gizani, pua kwenye kola,
huku mama akigonga: "Mnatafuta nini humo?"

Kwenye skrini sauti hazina sauti.
Ni magunzi matatu ya mahindi yaliyolala safu,
na mwenye kuyaguguna ni mimi, kwa kipanya.

Mchele mmoja mapishi mengi;
mimi nilipika yote sufuria moja.
Mwangwi wa kanisa, mwangwi wa pango,
mwangwi wa ukumbi wa Vienna nisioujua hata mlango,
tukawa watu watatu waliotumbukia kisimani
na wa kuokolewa kwanza hajulikani.

Nikashuka kwa Bi Ketino, ghorofa ya tatu, kompyuta kwapani.
Miaka thelathini na mmoja fundi wa redio,
akikata utepe kwa wembe, akiuunga kwa gundi,
hotuba ya waziri hewani, kikohozi cha waziri ndooni.
Sikio lake la kushoto lilikufa kabla ya mumewe,
na ndilo analolililia.

"Ondoa," akasema.
"Niondoe nini?"
"Chochote. Kisha kingine."
Nikaondoa pango. Nikaondoa kanisa.
"Sasa namsikia mwimbaji wa nne. Jokofu lenu.
Ana pumzi ndefu kuwapita nyote."
Hezi hamsini, kweli. Nikampapasa kwa kichujio chembamba
kama mtu atafutaye swichi katika nyumba ya kigeni,
nikamkata ulimi.

"Na besi yuko wapi?"
Nikakumbuka: amevaa vipokea sauti,
na Gocha nilimweka kushoto.
Nikacheka, nikaomba radhi, nikawabana wote katikati.
Akafumba macho.
"Bado hayupo."

Akanitoa nje. "Kasikilize kwenye ngazi.
Wimbo ukipita mbao hauwezi kujipamba."
Nikakaa juu ya gunia la viazi la jirani.
Levani alipita mlangoni. Mimi nilipita.
Wa tatu hakuja.

Desibeli sita.
Nilimshusha mwenyewe, wiki ya pili,
nikajiambia ni tope,
masafa ya chini hurundikana, ndivyo mafunzo yasemavyo.
Lakini tope lilikuwa lari mia mbili
na neno moja alilolisema mbele ya Tamuna.
Kidole kilijua.
Kiliteleza chini bila kuniuliza.

Nikarudi ndani. Bi Ketino alikuwa akimenya chungwa,
hakutaka kujua.
Nusu desibeli. Nusu tena. Nusu.
Mahali fulani, sikutazama namba,
kigoda kikapata mguu wa tatu,
na sauti yangu mwenyewe, niliyoidhani nyembamba,
nikaisikia imeketi.

Usiku nikamtumia faili, bila salamu.
Jibu lilifika saa saba:
"Besi imezidi kidogo."
Kuhusu lari, kimya.

Zimebaki siku nne.
Sijaishusha.