Karatasi Mlangoni pa Friji

Evaristo, ufunguo uko chini ya chungu cha mpungate.
Ushike kwa kitambaa: ikifika saa nne asubuhi
chuma kinang'ata.

Nitalala hospitali siku tatu,
wanifungue goti, walifunge tena.
Daktari anasema ni jambo dogo.
Mexicali, mwezi wa saba, haina jambo dogo.

Usimtoe Pirata jua likishachungulia.
Mtoe saa kumi alfajiri,
waokaji wanapofungua mlango wa nyuma
na barabara imepoa, si sana,
kama sufuria iliyoteguliwa sasa hivi.
Kwanza weka mgongo wa kiganja juu ya lami,
hesabu hadi saba. Taratibu,
si hesabu yako ya kukimbilia mpira.
Ukishindwa wewe, kumbuka yeye hana viatu.
(Nilimnunulia viatu. Vinne, vyekundu.
Akatembea kama bwana harusi aliyeazima suti,
kimoja akakila. Vitatu viko kwenye droo.)

Maji, si bakuli moja: matatu.
Jikoni, bafuni, na chini ya kitanda changu,
maana huko ndiko atakakonitafuta.
Yamwage hata kama hajayagusa.
Maji yaliyoshinda ndani ya nyumba hii
ni supu isiyo na nyama.

Feni usiizime. Bili nitalipa mimi, au Mungu.
Umeme ukikatika, na utakatika,
saa tisa alasiri, mji mzima umewasha kila kitu,
lowesha taulo la kijani, litandike sakafuni,
mwache ajilaze mwenyewe.
Usimfunike nalo; juu ya mwili linageuka blanketi.
Mloweshe tumbo, makwapa, nyayo,
kisha mpepee kwa gazeti.
Ya bomba yanatoka ya moto. Chota ya mtungi.

Mfunue mdomo, utazame ufizi.
Ukiwa wa waridi, ni mzima.
Ukiwa mwekundu kama tikiti lililopasuliwa,
mate yakivutika kama gundi,
akiyumba kama mjomba wako Baudelio siku ya mshahara,
usinipigie mimi. Endelea kumlowesha,
mpigie daktari Ocaranza,
namba iko chini ya sumaku ya kuku.

Hortensia wa ng'ambo atakwambia umnyoe.
Hortensia anajua mengi. Hili halijui.

Halafu gari.
Ufunguo wake uko kwenye msumari uleule wa siku zote,
najua unaujua, najua shetani wa miaka kumi na sita.
Haya, liendeshe. Lakini peke yako.

Kabla ya Pirata palikuwa na Jacinta.
Wewe ulikuwa bado unanyonya.
Niliingia duka la dawa, dakika tano.
Dirisha niliacha wazi upana wa kidole.
Foleni fupi. Mbele yangu mama mmoja
alikuwa anagombania chenji,
nami nikasoma maandishi ya sabuni,
yote, mpaka ya nyuma ya boksi,
maana mle ndani palikuwa na baridi tamu.

Mengine siandiki.
Alama za pua yake zilibaki kwenye kioo.
Gari lile nililiuza bila kukifuta.

Jioni lami itakuwa bado inatema moto iliomeza mchana,
kwa hiyo usikubali akikulilia mlangoni.
Atazunguka, atanung'unika, kisha atakwenda
kwenye kigae kimoja karibu na choo, kile chenye ufa.
Usimhamishe. Anajua baridi ya nyumba hii iliko
kuliko fundi aliyeijenga.

Teksi inapiga honi.
Tambi ziko rafu ya pili, kwenye kopo la bluu.
Zako, si zake.
Atakwambia hajala. Amekula.